Gari Lilipokataa Mlima

Injini ilinguruma kwa nguvu zake zote, lakini gari halikuongeza mwendo. Mithika alikanyaga mafuta zaidi. Mlio ukapanda, ukawa kama wa kinu cha kusaga kilichoishiwa na mahindi, na bado vichaka vya kando ya barabara vilipita polepole, kimoja kimoja. Kisha kitu fulani chini ya miguu yake kikashika ghafla, gari likaruka mbele, na vichwa vya watu watatu vikapigwa kwenye migongo ya viti.

"Baba Kinya," Mwanatatu alisema kutoka kiti cha nyuma, "mbona gari inalia hivyo?"

"Ni baridi," Mithika alijibu. "Asubuhi huwa hivyo mpaka ishike moto."

Haikuwa baridi. Walikuwa wametoka Ruiri jua likiwa tayari limeanza kuchoma, na kioo cha mbele kilikuwa na joto ukikigusa. Lorna, mke wake, alikaa pembeni yake akiwa ameuweka mkono wa kushoto mapajani, ule mkono wenye mshipa uliovimba, ambao wauguzi wa hospitali ya Meru waliuchoma sindano kila Jumanne na kila Ijumaa. Alitazama mbele tu, kule barabara ilikojikunja na kuendelea kupanda.

Figo za Lorna zilikuwa zimekufa. Za Mwanatatu pia. Wanawake hao wawili walikutana katika chumba cha kusafishia damu, vitanda vyao vikiwa jirani, wakagundua kwamba wote wanatoka Ruiri: mmoja mke wa mkulima wa vitunguu, mwingine mwenye duka la leso na nguo za watoto pale sokoni. Tangu siku hiyo Mithika aliwabeba wote wawili. Mwanatatu alichangia petroli, na akiwa na nguvu alichangia pia hadithi za wateja wake, mpaka Lorna akacheka.

Leo hakuna aliyecheka. Gari liliteleza tena kwenye kona, na tena karibu na kilele. Hili lilikuwa limeanza wiki kadhaa zilizopita, kidogo kidogo. Kwanza gari lilisitasita alipolitia gia nyumbani. Halafu likawa linashtuka kama punda aliyepigwa. Sasa lilikuwa linaachia kabisa mlimani, likipiga kelele bila kwenda.

Hakuwa amemwambia mtu. Angemwambia nani? Mwaka uliopita, kabla hawajanunua gari hilo, Lorna aliwahi kukosa mashine mara mbili kwa kufuatana. Maji yalimjaa mwilini, yakapanda mpaka kifuani. Mithika alikaa naye kitandani akiwa amemwegemeza kifuani kwake, akimsikiliza akivuta pumzi kwa sauti ya mtu anayezama katika nyumba kavu. Na alipopona, Lorna alisema kwa utulivu kabisa, huku akichambua maharagwe: "Siku nitakapokuwa shida ya kila mtu, nitakaa nyumbani tu. Usinilazimishe." Tangu hapo Mithika hakuogopa kifo kama alivyoyaogopa maneno hayo.

*

Alipowaona wote wawili wamelazwa kwenye vitanda vyao, mirija ikiwa imeanza kuwa myekundu, aliondoka haraka kwenda gereji.

Gereji ilikuwa nyuma ya mji, uwanja wa udongo mweusi kwa oili, na mafundi wawili walikuwa na vibanda vilivyopakana. Idrisi alikuwa mtu mzima, mwembamba, kofia yake ya kushonwa imekolea mafuta. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakipangusa kwa kitambaa cheupe. Doa lililobaki lilikuwa la rangi ya kahawa iliyoungua. Akalinusa, kisha akampa Mithika kitambaa naye anuse.

"Unasikia?"

"Imeungua."

"Umeiendesha hivi tangu lini?"

Mithika alidanganya. "Juzi tu."

Idrisi alimtazama, asibishe. "Mzee, ndani kuna sahani za klachi. Zikiisha, injini inazunguka lakini nguvu haifiki kwa magurudumu. Mimi nafikiri zako zimeisha. Lakini ni kufikiri tu, sijaifungua. Nikifungua, gari italala hapa. Vyuma vinatoka Nairobi, na kazi yenyewe ni ya pole pole. Hesabu wiki mbili."

"Wiki mbili!" Mithika alimrudishia kitambaa. "Mimi nina wagonjwa."

Murithi, fundi wa kibanda cha pili, kijana mwenye sauti kubwa, alikuwa ameshasogea. "Mzee, usitishwe. Hiyo ni oili tu imechoka. Tunamwaga, tunaweka mpya, tunabadilisha chujio. Kabla wagonjwa wako hawajatoka hospitali, gari itakuwa inapaa."

"Na kama sahani zimeisha?" Idrisi aliuliza.

"Na kama hazijaisha?"

"Kama zimeisha, oili mpya inaweza kuimaliza kabisa. Ile chafu saa nyingine ndiyo inazishikilia."

"Saa nyingine," Murithi alicheka. "Umesikia, mzee? Saa nyingine. Hata yeye hajui."

Na kweli Idrisi hakujua. Alikuwa amesimama na kitambaa chake, akimtazama Mithika kwa huruma ya mtu asiyeweza kuapa. Mithika alisimama kati yao akitamani mmoja amshike mkono na kumwambia, fanya hivi. Kama wangesema kwa sauti moja, angetii. Lakini mmoja alimpa wiki mbili na hofu, mwingine alimpa saa chache na matumaini, na mkewe alikuwa amelala hospitalini akisubiri kurudishwa nyumbani.

"Badilisha oili," alimwambia Murithi.

Idrisi alifunga boneti polepole. "Sawa. Ni gari yako. Lakini usipande ule mlima na watu kabla hujaujaribu peke yako. Hilo tu nakuomba."

*

Jioni hiyo gari lilirudi Ruiri bila kushtuka hata mara moja. Njia ya kurudi ilikuwa ya kuteremka, jambo ambalo Mithika alijua vizuri na akakataa kulifikiria. Wanawake walikuwa wamejifunga mashuka, wamechoka na kuhisi baridi kama kawaida baada ya mashine, na Mwanatatu alisema, "Leo gari iko na adabu." Mithika akacheka kupita kiasi.

Jumamosi alijiambia ataujaribu mlima. Wanunuzi wa vitunguu wakaja. Jumapili akaenda kanisani, na alipotoka akakaa ndani ya gari, mkono kwenye ufunguo, kwa muda mrefu. Kama angeujaribu na gari likakataa, angejua. Na akijua, ingebidi aseme. Alitoa ufunguo akaingia nyumbani kula.

Jumatatu, walau, alimpigia simu Nthiga, kaka yake Lorna, mkulima wa majani chai wa Kibugu, kule juu ya Embu. Alienda katikati ya shamba la vitunguu ili asisikike.

"Shemeji, habari ya huko?"

"Mvua tu. Dada yangu anaendeleaje?"

"Anaendelea. Nilikuwa nataka tuongee juu ya gari. Giaboksi inasumbua kidogo. Fundi anasema ikifunguliwa inaweza kuwa kazi kubwa, nikaona nikuulize kama ungeweza kunisaidia, nikivuna nitarudisha."

Mithika alisikia kuku, na mtu akikohoa.

"Mithika, hiyo gari umekuwa ukiitengeneza, ama umekuwa ukiiombea?"

"Shemeji..."

"Sikiza. Mimi sitaweka pesa kwa gari. Kutoka hapa kwangu hadi hospitali ya Embu ni karibu, na vijana wangu wana pikapu. Mlete Lorna nyumbani. Nilisema tangu mwanzo."

"Nyumbani kwake ni hapa."

"Basi mtunze hapo. Lakini ukishindwa, sema mapema. Usingoje tuje kumchukua akiwa kwenye sanduku."

Simu ikakatika. Mithika alibaki ameishika sikioni, akijifanya bado anaongea, kwa sababu Lorna alikuwa ametoka mlangoni na kumtazama. "Ndiyo, ndiyo, shemeji," aliiambia simu iliyokufa. "Asante sana. Tutaonana."

"Anasemaje?" Lorna aliuliza alipokaribia.

"Anakusalimia."

Miguu ya Lorna ilikuwa imevimba hata viatu vya mpira havikumtosha. Ijumaa mpaka Jumanne ndicho kilichokuwa kipindi kirefu, siku ambazo maji hujikusanya mwilini bila pa kutokea. Alirudi ndani akishika ukuta.

*

Jumanne, mlima ulianza vizuri. Gari lilivuta, gia zikabadilika, na Mithika akaanza kupumua. Walipita kona ya kwanza. Mwanatatu alikuwa akieleza habari za mteja aliyerudisha sare ya shule baada ya mtoto kuivaa muhula mzima. Nyuma yao lori la mchanga lilikuwa likipanda kwa taabu, pua yake imejaa kwenye kioo.

Kwenye kona ya pili, mlio wa injini ukapanda peke yake.

Mithika alikanyaga mafuta. Mlio ukapasuka masikioni, na gari likapungua mwendo. Akakanyaga mpaka mwisho. Gari likasimama. Kwa kitambo alidhani limesimama tu, mpaka alipoona nguzo ya kando ya barabara ikisogea mbele, na akaelewa kwamba nguzo haisogei. Walikuwa wanarudi nyuma.

"Baba Kinya!" Mwanatatu alipiga kelele. "Lori! Kuna lori!"

Mguu wa Mithika ulikuwa bado kwenye mafuta. Alijua ni breki anayoitaka, lakini mguu haukumsikia. Honi ya lori ilijaa ndani ya gari kama maji. "La ilaha illallah," Mwanatatu alianza kusema, "la ilaha illallah," haraka haraka, na Lorna aliuweka mkono wake, ule mzima, juu ya goti la mumewe akalivuta upande wake kwa nguvu.

Mguu ukapata breki. Gari likasimama, likiyumba. Lori lilitupwa upande wa kulia, likapita likiwa limewaegemea, na kioo cha ubavuni cha upande wa Mithika kikang'olewa kwa kishindo. Mchanga kidogo ulimwagika juu ya boneti. Dereva alitoa kichwa na kutukana, lakini hakusimama. Angesimama pale naye asingepanda tena.

Mithika aliondoa mguu kidogo kwenye breki, na gari likarudi nyuma. Akaukandamiza tena. Alijaribu kila gia. Injini ilizunguka kama mashine isiyohusika na gari hilo. Mwishowe aliizima, akavuta breki ya mkono, akashuka kutafuta mawe ya kuweka nyuma ya magurudumu.

Walimtoa Lorna wakamkalisha kwenye leso juu ya nyasi, mbali na barabara. Kutembea hatua hizo chache kulimchosha. Alivuta pumzi kwa midomo iliyofunguka, mabega yakipanda na kushuka, na Mithika alisikia, chini kabisa ya pumzi hiyo, ile sauti. Aliikumbuka vizuri.

Mwanatatu alimpigia simu Nurudin, shemeji yake mwenye bucha, aliyekuwa akienda kuchukua nyama Meru asubuhi nyingi. "Anakuja," alisema. "Bado hajatoka Ruiri." Alifunga simu, akaketi upande wa pili wa Lorna.

"Nilijua," Mithika alisema. Hakupanga kusema; yalimtoka tu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mkewe. "Ijumaa fundi aliniambia nisipande na watu kabla sijajaribu. Sikujaribu. Nilijua, Mama Kinya. Hata kabla ya Ijumaa."

Lorna alikusanya pumzi. "Mimi pia nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nasikia. Kwani mimi sina masikio? Wiki hizi zote." Alivuta pumzi tena. "Niliogopa nikisema, utaiacha gari. Na ukiiacha, nitaacha kwenda. Nilijijua. Nikaona afadhali ninyamaze tuendelee hivyo hivyo."

Mithika aliuinamisha uso wake kwenye magoti ya mkewe. Walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mtu akimficha mwenzake kitu kile kile. Alihisi mkono wa Lorna kichwani, mzito, wenye joto.

"Kwa hiyo mlijua wote wawili," Mwanatatu alisema.

Walimgeukia. Buibui lake lilikuwa na vumbi jeupe. Hakupaza sauti.

"Mlijua, mkaja mkasimama mbele ya duka langu, mkanifungulia mlango. Nikaingia, nikaanza kuwaambia hadithi za sare." Alijipangusa vumbi begani. "Nyinyi mliogopeana, sawa. Mimi mliniogopea nini? Shamima wangu ana miaka minane. Baba yake hayupo. Mngeniambia, ningeamua mwenyewe. Labda ningepanda hivyo hivyo! Lakini ningekuwa nimeamua mimi."

"Mama Shamima, nisamehe."

"Usiniombe msamaha sasa hivi. Niache kwanza."

Pikapu ya Nurudin ilifika ikiwa na kisanduku cheupe cha nyama nyuma, na mbele palikuwa na nafasi ya dereva na watu wawili, wakibanana. Nurudin hakuuliza maswali mengi. Yeye na Mithika walimbeba Lorna, wakamweka katikati, Mwanatatu akapanda mlangoni. Mithika alijaribu kuuliza kama anaweza kukaa nyuma, ndani ya kisanduku.

"Hakuna hewa huko, mzee," Nurudin alisema kwa upole. "Wewe baki na gari yako."

Akabaki. Pikapu ilipanda, ikapotea kwenye kona, na Mithika akasimama kando ya gari lake lisilo na kioo, bila kujua kama mkewe atafika akiwa hai.

*

Alifika. Walimwekea oksijeni, wakamwunganisha kwenye mashine mara moja, na Mithika alipoingia chumbani baadaye, baada ya gari lake kukokotwa mpaka gereji, uso wa Lorna ulikuwa umeanza kurudia hali yake. Mwanatatu, kitanda cha pili, aligeukia ukuta.

"Wamesemaje gereji?" Lorna aliuliza.

Mithika alieleza. Idrisi alikuwa amefungua giaboksi. Sahani zilikuwa zimeliwa mpaka chuma, nyeusi kabisa, na ndani ya sufuria ya oili kulikuwa na unga wa chuma unaong'aa. Murithi alisogea, akatazama, akarudi kibandani kwake. "Si oili yake iliyoiua," Idrisi alisema. "Hata ningeifungua Ijumaa, ningekuta hivi hivi. Ungejua tu." Sasa kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, giaboksi nzima iliyotumika Japani, ya kuletwa kutoka Nairobi. Ingefika kesho na Ijumaa gari likawa barabarani. Ya pili, kuikarabati hii hii, sahani mpya na sili mpya za kuzuia oili, kwa wiki mbili.

"Mimi nasema ya Japani," Mithika alisema haraka. "Ijumaa tunaihitaji."

"Hiyo ya Japani, fundi ameiona ndani?"

"Hapana. Haifunguliwi. Unanunua ilivyo."

Lorna alifumba macho. Mithika alidhani amelala.

"Basi utaiweka," alisema akiwa amefumba, "na utaupanda ule mlima bila kujua kilichoko ndani. Utaogopa. Na ukiogopa unanyamaza. Nami nikikuona umenyamaza, nitanyamaza." Alifungua macho. "Hii umeiona ikiwa wazi. Waitengeneze hii."

"Na hizo wiki mbili?"

Lorna aligeuza macho kuelekea kitanda cha pili, kisha akayarudisha kwa mumewe. Hakusema kwa sauti, midomo yake tu ilisogea: kamwombe.

"Na akikataa?"

"Akikataa utanipeleka Kibugu kwa Nthiga. Na wewe mwenyewe ndiye utampigia simu."

*

Asubuhi iliyofuata Mithika alikwenda dukani kwa Mwanatatu. Kulikuwa na wateja. Mwanatatu alimwona, akaendelea kumpimia mwanamke mmoja gauni la mtoto. Akampimia mwingine. Mwanamume akaja kuuliza bei ya taulo, akajibiwa, akabishana, akaondoka, akarudi. Hakuna aliyemwonyesha Mithika mahali pa kukaa. Alisimama kando ya mlango, kofia mkononi, na watu wanaomfahamu waliompita walimsalimu kwa mshangao: mkulima wa vitunguu anatafuta nini kwenye nguo za watoto?

Duka lilipobaki tupu, Mwanatatu alisema, "Sema."

Mithika alisema. Alieleza kuhusu giaboksi yote, kama Idrisi alivyomweleza, sahani zilizoliwa, unga wa chuma, wiki mbili. Alieleza hata uongo wake wa "juzi tu". Halafu akaomba nafasi ya mkewe katika pikapu ya Nurudin.

Mwanatatu alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena.

"Lorna alikaa katikati yetu jana," alisema. "Nilimshika njia nzima. Nilikuwa namhesabia pumzi. Nilikuwa na hasira, na bado nilikuwa namhesabia." Aliliweka gauni chini. "Atapanda. Nilishaongea na Nurudin usiku. Ulifikiri ningekataa?"

Mithika aliivaa kofia, akaivua tena.

"Lakini kwa gari yako sijui. Usiniulize sasa."

Ng'ombe wa maziwa aliuzwa wiki hiyo ili kazi ya Idrisi iendelee. Kila Jumanne na kila Ijumaa Mithika alimpeleka Lorna kwa miguu, polepole, mpaka barabarani, akampandisha kwenye pikapu ya nyama, akabaki akiitazama. Mchana kutwa simu yake ilikaa mkononi, hata akimwagilia vitunguu. Nthiga alipiga simu mara moja, Mithika akamwambia ukweli wote, na shemeji yake akasema tu, "Haya. Niambie ikibadilika."

*

Gari lilipokuwa tayari, Idrisi alipanda naye. Walipakia viroba vya viazi vyenye uzito wa watu wawili, wakaupanda mlima. Waliteremka wakaupanda tena. Kwenye kona ya pili Mithika alitokwa na jasho kila mara, mguu wake ukitafuta breki kabla ya wakati. Gia zilibadilika laini.

"Ninasikia kitu nikirudi nyuma," Mithika alisema. "Mlio mdogo."

Idrisi aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Ndiyo, upo. Nafikiri ni gia mpya bado hazijazoeana. Nafikiri. Uilete niiangalie mwisho wa mwezi."

Jumanne iliyofuata alisimamisha gari mbele ya duka la Mwanatatu, Lorna akiwa kiti cha mbele. Pikapu ya Nurudin ilikuwa tayari hapo. Mithika alishuka. Alimwambia Mwanatatu kwamba gari limepanda mlima mara nyingi likiwa na mzigo, kwamba sahani ni mpya na alizigusa kwa mkono wake, kwamba kuna mlio mdogo wa kurudi nyuma ambao fundi anafikiri si kitu lakini hana hakika. "Hayo ndiyo najua," alimaliza. "Zaidi ya hapo sijui."

Mwanatatu alimtazama, akamtazama Lorna, akalitazama gari kutoka mbele mpaka nyuma.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Leo napanda na Nurudin."

"Sawa, Mama Shamima."

Akarudi kwenye gari. Lorna alimgusa mkono, wakaondoka. Tambarare iliisha, barabara ikaanza kuinuka, na hofu ikamrudia Mithika kana kwamba hakuna kilichotengenezwa. Hakunyamaza. "Naogopa," alisema.

"Mimi pia," Lorna alisema. "Endesha."

Kwenye kona ya kwanza alitupa jicho kwenye kioo cha ndani. Pikapu nyeupe ilikuwa nyuma yao, mbali kidogo, taa zake zote mbili za hatari zikiwaka na kuzima. Nurudin aliendesha katikati ya njia, taratibu, na nyuma yake lori lilipiga honi na kupiga honi tena, likitaka nafasi ambayo Nurudin hakuitoa. Na kando yake, kiti cha abiria, Mwanatatu alikuwa ameinama mbele, mikono miwili kwenye dashibodi, macho hayatoki kwenye magurudumu yao.

Gia ikabadilika. Gari likapanda.